Deni la nyumba au akiba?

Shangazi, mkopo wetu wa nyumba Kitengela umebaki milioni 4, riba asilimia 14. Baada ya malipo ya mkopo, nepi, karo ya chekechea na mshahara wa dada, hubaki elfu 15 kwa mwezi. Mume wangu ataka zote ziende benki. – Mama Pendo

Mama Pendo, mumeo ana hoja: riba ya mwezi pekee ni karibu 47,000! Lakini mtoto akiugua usiku, benki haikurudishii kitu. Wekeni kwanza akiba ya matumizi ya miezi 3, mahali pa kutolewa upesi, si kwenye hisa za sacco. Kisha tumeni benki elfu 10 kila mwezi, na barua iseme zinapunguza deni na muda, si malipo ya mwezi ujao. Ulizeni pia kama kuna faini ya kulipa mapema.