Barua kwa mwanangu: kamera isubiri kwanza

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika pamoja na picha tatu: vijana wa kikundi chenu cha ngoma wakiruka uwanjani, mdoli mwenye gauni jeupe la satini ulilomshonea, na waridi jekundu la kibarazani kwako huko Njiro, Arusha. Umeuliza: "Mama, kwa macho naona vitu vizuri, kwenye simu vinatoka ovyo. Ninunue kamera?" Hapana, bado. Kila picha ina ugonjwa wake, na kamera mpya ingeurithi ugonjwa uleule.

Kwanza futa lenzi. Ule ukungu mweupe unaozunguka dirisha kwenye picha ya mdoli ni mafuta ya kidole. Ncha ya kanga kuukuu ya pamba inatosha.

Naanza na mdoli, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya mikono yako ilipo. Gauni limekuwa kijivu kwa sababu simu haijui kwamba ni jeupe. Kipimo chake cha mwanga huchukulia kila kitu kuwa na weupe wa wastani. Kikikuta satini nyeupe juu ya manila nyeupe, kinaona mwanga umezidi na kinapunguza. Gusa gauni kwenye kioo, kitokee kile kialama cha jua, kipandishe hadi weupe urudi huku mikunjo ikiwa bado inaonekana. Kwenye simu inayoonyesha namba, itakuwa kati ya +0.7 na +1. Ukizidisha, marinda yanaungua, na rinda lililoungua halirudishwi na programu yoyote. Gauni jeusi ni kinyume chake: shusha.

Halafu umbali. Mdoli wako ana urefu wa sentimita 29 hivi, na inaonekana ulimsogelea mpaka karibu sentimita 15. Lenzi kuu ya simu ni pana, ndiyo maana kichwa kimevimba na miguu imekuwa njiti. Rudi nyuma sentimita 70, tumia zumu ya mara 2, na shusha simu hadi lenzi ilingane na kiuno cha mdoli. Ukipiga kutoka juu, sketi inaonekana fupi kuliko ulivyoikata, na mshonaji mwenzako atakulaumu kwa kosa ambalo si lako.

Meza iweke pembeni ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mdoli awe nusu mita kutoka dirishani, mwanga umjie ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaochonga: kila rinda linapata upande mweupe na upande wa kivuli, na mishono inasomeka. Mwanga wa mbele, na hasa flashi, unalisawazisha gauni lote kama limepigwa pasi na gari. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya A4 sentimita 20 kutoka kwa mdoli ili kivuli kisiwe cheusi mno. Nyuma yake inua manila moja nzima, uipinde kwa mviringo badala ya kuikunja, usipate ule mstari wa meza unaomkata mdoli magotini. Zima taa ya chumba. Dirisha linatoa mwanga wa samawati na balbu inaweza kutoa wa njano. Vikikutana kwenye satini nyeupe unapata gauni la rangi mbili, na hakuna mpangilio wa rangi unaotibu vyote viwili kwa mara moja.

Sasa gauni lenyewe. Simu inaona kile ambacho jicho husamehe. Uzi wa milimita 5 unaoning'inia kwenye upindo wa mdoli ni kama uzi wa sentimita 3 kwenye gauni lako wewe, kwa kuwa mdoli wa kimo hicho ni takriban moja ya sita ya mtu. Ukate. Nyuzinyuzi na vumbi vitoe kwa selotepu uliyoizungusha kidoleni, upande wa gundi nje. Piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, usiiguse satini moja kwa moja, maana nyingi ni ya poliesta na hung'aa pale inapoungua. Kiuno kikilegea, bana kwa pini mgongoni, mahali ambapo lenzi haifiki. Na kwenye vitenge vyako, chagua ua dogo: ua la sentimita 12 kwenye mdoli ni sawa na ua la sentimita 72 kifuani mwa mtu. Hilo si kosa la picha, lakini picha ndiyo inayolitangaza.

Usitumie ile hali ya kufifisha nyuma. Simu inakisia pale kitu kinapoishia, na kwenye lesi hukisia vibaya: matundu yanazibwa, kingo zinaliwa. Ukitaka nyuma pafifie, msogeze mdoli mbele, manila ibaki nyuma sentimita 60.

Kwa kila gauni piga tatu: mbele, nyuma, na ndani ukiwa umeligeuza. Ya ndani ndiyo washonaji wanayoitaka, maana ndiyo inayoonyesha jinsi mkono ulivyounganishwa. Weka kifungo cha shati pembeni ili watu wapate kipimo.

Ngoma sasa. Picha yako imetikisika, lakini si mkono uliotikisika: nguzo ya goli nyuma yao imekaa imara, wachezaji ndio waliovurugika. Shata, ule mlango wa kamera unaoruhusu mwanga kuingia, ilikaa wazi muda mrefu mno. Mguu unaokwenda mita 3 kwa sekunde, shata ikiwa 1/60 ya sekunde, unasafiri sentimita 5 kabla haijafunga. Kwenye 1/500 unasafiri milimita 6 tu. Ingia kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, weka 1/500, na ISO, yaani wepesi wa simu kupokea mwanga, iachie simu ipange. Hali ya usiku izime kabisa. Inaunganisha picha nyingi kuwa moja, na mchezaji anaishia na mikono mitano.

Ukumbini 1/500 italeta tatizo lingine, mistari ya giza inayokatiza picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa mara mbili kwa kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde, na shata fupi inadaka mpepeso katikati. Teremka hadi 1/100, kisha subiri vituo vya mchezo wenyewe. Kila ngoma ina pahali mwili unaposimama: mwisho wa mzunguko, bega likiwa limefika juu, au kilele cha mruko. Kwenye adumu, ngoma ya kuruka ya Wamaasai, ni rahisi kuliona hili. Anayeruka akifika juu, kwa sehemu ya ishirini ya sekunde kabla na baada ya kilele mwili wake hausogei zaidi ya sentimita moja na kidogo. Shanga na shuka bado zinapepea, na hilo ni zuri, linaonyesha kwamba yuko hewani. Hesabu mapigo ya wimbo, bonyeza kabla kidogo, kwa kuwa simu nyingi huchelewa.

Piga magoti. Lenzi ikiwa usawa wa goti la mchezaji, mruko unaonekana mrefu. Acha ardhi ionekane pamoja na kivuli; bila ardhi, mtu aliyeruka hana tofauti na aliyesimama. Ukitaka mlima Meru uwe nyuma yao, usiwasogelee, maana lenzi pana itaufanya mlima kuwa kichuguu. Rudi hatua thelathini, vuta zumu ya lenzi yenyewe kama simu yako inayo. Na waombe ruhusa kabla ya ngoma, si katikati.

Saa ina uzito kuliko kamera. Huku kwetu jua linapanda wima na haraka. Kufikia saa tatu asubuhi limeshaacha ulaini, na saa sita na nusu liko utosini. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba kivuli cha mtu kinaishia chini ya nyayo zake, macho yanakuwa mashimo meusi. Uwanjani pigia kabla ya saa mbili na nusu, au baada ya saa kumi na moja jioni.

Waridi halihitaji maneno mengi. Limekuwa doa jekundu lisilo na petali kwa sababu wekundu umejaa hadi ukingoni wakati rangi nyingine bado ziko chini. Shusha kile kialama cha jua, kama -0.7 hadi -1, mpaka petali zitengane. Jua likiwa kali, mwenzako ashike kanga juu ya ua lipate kivuli. Shina lifunge kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo, nje ya picha, maana kwa karibu upepo kidogo tu unaliondoa ua kwenye fokasi. Mawingu ya Juni na Julai mnayoyalalamikia huko Arusha ndiyo mwanga bora wa maua, tena bure.

Kwa bustani nzima, zika tofali moja mahali unaposimama. Kila tarehe 1, saa ileile, simama juu yake upige. Baada ya mwaka utaona ni ua lipi lilimnyima mwenzake jua.

Kama pesa inakuwasha mfukoni, nunua standi ndogo ya miguu mitatu. Gauni la satini lipige tena Jumamosi asubuhi, unitumie kama dokumenti, maana WhatsApp ikiibana kama picha ya kawaida mishono inapotea. Na ya ndani usiisahau; nataka kuona ulivyofunga kwapa.

Mama yako