Kwateti ya kwanza ya Mozart: mbona viola haina kazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko vijana wanne, tunajifunza kwateti (muziki wa fidla mbili, viola na selo) ya kwanza ya Mozart, namba K. 80 katika orodha ya kazi zake. Inaanza polepole badala ya kuanza kwa kasi, mimi wa viola narudia nota zilezile mpaka mkono unakufa ganzi, na sehemu ya nne inasikika kama ya mtu mwingine. Au nota tulizopakua zina makosa?

JIBU: Marahaba. Nota zenu ni nzima, na masikio yako pia.

Kwenye nakala yake Mozart aliandika mahali, siku na hata saa: Lodi (mji wa Italia), 15 Machi 1770, saa moja jioni. Alikuwa na miaka 14, yuko safarini na baba yake, wametoka Milano, na kazi aliifanya katika nyumba ya wageni. Milano ndiko alikoishi mtunzi Sammartini, na mtindo wa Kiitalia wa fidla mbili juu ya besi ulikuwa bado umemjaa kichwani. Ndiyo maana mnaanza na Adagio (polepole), halafu Allegro (kasi), halafu Minueti (dansi ya hesabu tatu). Kwateti iliishia hapo. Sehemu ya nne, Rondo (wimbo wake mkuu hurudirudi), aliiongeza 1773 au 1774, ameshakuwa kijana, kwa hiyo huyo "mtu mwingine" unayemsikia ni yeye mwenyewe aliyekua.

Tuje kwenye mkono wako. Katika Adagio fidla mbili ndizo zenye wimbo, wewe na selo mnabeba mzigo. Usipige kila nota kwa uzito uleule. Hesabu tatu: pigo la kwanza liegemee kidogo, mawili yanayofuata yapite tu. Upinde mfupi, katikati, bega lilegee. Kisha mwambie fidla ya kwanza aimbe kwa mdomo mstari wake wa mwanzo. Akiishiwa pumzi kabla ya kuumaliza, mnakokota, na wa kwanza kuumia ni wewe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni: sehemu zote nne zinaanza na kuishia doh ya G, yaani ufunguo uleule. Msikilizaji hapati mabadiliko ya ufunguo kutoka sehemu moja hadi nyingine, basi mpeni mabadiliko ya upinde. Allegro iwe kavu, nota zikatike. Minueti iwe na mguu wa mcheza dansi.

Muda ukiwa mdogo, pigeni zile tatu za Lodi mshuke jukwaani. Mimi Rondo naipenda, ila kabla yake huwa naacha kimya kirefu kidogo.