Kujifungia na vitabu ni ubinafsi?

SWALI: Mwalimu, salamu. Nafundisha shule ya msingi hapa Arua. Jioni nikitoka kazini hujifungia chumbani na vitabu kwa saa nzima. Juzi kwenye kikao cha ukoo shangazi amesema nimekuwa mbinafsi. Uliwahi kumtaja Montaigne, mwandishi Mfaransa wa zamani, aliyejifungia mnarani. Yeye aliwajibuje watu wake? – Msomaji, Arua

JIBU: Mwanangu, yeye hakulazimika kumjibu mtu. Nyumba ilikuwa yake! Mwaka 1571, akiwa na miaka 38, kazi ya mahakama ya Bordeaux ameshaiacha, alihamia na vitabu kama elfu moja kwenye chumba cha duara mnarani. Hata boriti za dari alizijaza maneno ya Kigiriki na Kilatini. Humo alianza kuandika Essais, kitabu chake cha insha, na mada ni yeye mwenyewe: kumbukumbu yake mbovu, mawe ya figo, uroho wake wa matikiti.

Kuna mahali anasema kila mtu ajiwekee chumba cha nyuma ya duka, kilicho chake tu. Mimi nimelelewa dukani, Jinja, kwa hiyo hapo sihitaji mkalimani. Mbele, baba alitaniana na wateja na kuwakopesha chumvi na mafuta ya taa. Nyuma, katikati ya magunia, alikalia kreti ya soda, kimya, kama robo saa hivi, halafu akarudi. Hakuna aliyemwita mbinafsi, maana mlango wa mbele haukufungwa.

Na Montaigne hakuufunga. Mwaka 1581, akiwa safarini Italia, alichaguliwa kuwa meya wa Bordeaux. Hakutaka; mfalme akamwamuru. Alishika vipindi viwili, hadi 1585, na baadaye akaandika kwamba meya na Montaigne siku zote walikuwa watu wawili. Kwa hiyo usimtumie kama kisingizio cha kukwepa matanga.

Shangazi naye simlaumu sana. Kwa Kiswahili chetu mbinafsi ni yule anayekula nyama peke yake; mtu anayetaka tu kuwa peke yake kidogo hatujampatia jina zuri.

Ila Mfaransa wangu simtetei kwa yote. Alikaa juu akisoma kwa kuwa chini kulikuwa na watumishi, na mkewe Françoise akiangalia nyumba. Wewe barua yako haimtaji mke wala dada. Saa hiyo moja ukiwa ndani, maji anachota nani?