Foleni usiyoiona kasualti

Swali lenu la juma lilikuwa: "Jamaa yako alipofikishwa hospitalini akiwa katika hali ya dharura, alicheleweshwa na nini?" Wengi watajibu kwamba ni foleni ya mlangoni. Waulize wanaokesha kasualti, yaani vitengo vya dharura, za huku kwetu Kenya, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Nakuru, watakwambia foleni hiyo haili muda kama watu wanavyodhani. Muda mwingi hupotea baada ya mgonjwa kuonwa. Daktari ameandika, damu imetolewa, eksirei imeagizwa, halafu kila mtu anaamini mwenzake ndiye anayeendelea na kazi.

Hata hivyo mlango nao una mambo yake. Kinachoangaliwa pale ni ukali wa hali, si nani alitangulia. Baadhi ya hospitali hutumia utaratibu wa rangi uliotoka Afrika Kusini: nyekundu huhudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Rangi hutokana na pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu na kama mtu anaweza kutembea. Sasa mtazame mzee mwenye kiharusi: ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kimya, mdomo umepinda kidogo, hasumbui mtu. Kando yake kuna kijana aliyevunjika mkono anapiga mayowe. Wote wanamkimbilia kijana, na anayepoteza ubongo kila dakika ni mzee.

Tena rangi haidumu. Manjano ya saa mbili usiku inaweza kuwa nyekundu kufikia saa tatu, na hakuna atakayejua asipopimwa upya. Anayekaa na mgonjwa muda wote ni wewe. Ukienda mezani ukasema "tumekaa sana," nesi ameshaisikia sentensi hiyo tangu aingie zamu. Sema kilichobadilika: "Sista, alipoingia alikuwa anajibu, sasa nikimwita haitikii." Au: "Anapumua mbio kuliko alivyokuja, na midomo imebadilika rangi." Maneno kama hayo humwinua mtu kitini, kwa sababu yanamlazimu apime tena.

Kwa kiharusi kuna swali moja ambalo familia nyingi hulijibu vibaya: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Si saa mliyomkuta ameanguka. Kama alilala saa nne usiku akiwa sawa, akaamka saa kumi na mbili mkono haunyanyuki, hesabu inaanza saa nne. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya skani ya kichwa, maana kiharusi kingine ni cha mshipa uliopasuka na dawa hiyo ingemuua. Hospitali zenye dawa hiyo ni chache, lakini skani inahitajika kwa vyovyote. Jamaa watatu wakitoa saa tatu tofauti, daktari hana la kushika. Teueni mmoja azungumze, ikiwezekana yule aliyekuwa nyumbani.

Na kabla ya skani, ulizeni kama sukari imepimwa. Sukari ikishuka sana, hasa kwa mwenye kisukari aliyedungwa insulini akakosa kula, mtu hupooza upande mmoja au hupoteza fahamu, nawe ukaapa ni kiharusi. Tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa muda mfupi kuliko wa kujaza fomu. Ni kipimo rahisi mno, na ndiyo maana husahauliwa.

Kuhusu watoto nitasema hivi: si kila dharura ni ya kukimbizwa hospitali kubwa. Mtoto aliyeshikwa na degedege la malaria Nyando au Muhoroni hatakiwi kupitishwa vituo viwili vya afya ili afike "Russia," kama watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga tangu ijengwe kwa msaada wa Wasovieti. Kufungua njia ya hewa, kuzuia degedege na kupima sukari ni kazi ya kituo cha karibu. Sukari ikikutwa iko chini, hupewa maji ya sukari ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo. Artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali, inaweza kudungwa hata kwenye msuli kabla ya safari: miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, miligramu 2.4 kwa aliyezidi hapo. Kwa hiyo jua uzito wa mtoto wako. Na mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu tulio nao kwa wingi huku magharibi, aende na kadi ya kliniki. Wengu ukivimba ghafla, damu yake hujikusanya humo na kiwango kushuka kwa saa chache. Akiingia na kuandikwa "maumivu ya tumbo" tu, atawekwa na wenye minyoo.

Turudi kwenye ile foleni isiyoonekana. Damu ikishatolewa, mara nyingi jamaa ndiye hutumwa na chupa maabara. Kabla ya kuondoka kitandani soma kibandiko: jina, namba ya hospitali, tarehe. Chupa isiyo na jina hukataliwa, na wana haki ya kuikataa, kwani damu ya mtu mmoja ikitumika kumpangia mwingine ni mauti. Tatizo ni kwamba hukataliwa kimyakimya. Inawekwa pembeni, wewe unangoja majibu, daktari anangoja majibu, na hakuna majibu yatakayokuja. Uliza pale pale: "Imepokelewa? Nirudi saa ngapi?" Majibu yakitoka, yapeleke mkononi mwa daktari au nesi anayemhudumia. Usiyaache juu ya faili, hasa asubuhi au jioni zamu zinapopokezana, maana aliyeagiza kipimo huenda ameshaenda nyumbani.

Damu ya kuongezwa ina hesabu yake. Kulinganisha damu ya mgonjwa na ya akiba kikamilifu huchukua takriban dakika 45, na haifai kuharakishwa isipokuwa mtu anavuja damu kiasi cha kutoweza kungoja; hapo hutolewa damu ya kundi O bila kungoja ulinganisho. Familia huambiwa zilete watu wa kutoa damu. Nendeni, lakini mjue kwamba ile anayotoa ndugu saa nne usiku haitaingia mshipani mwa mgonjwa saa tano. Lazima ipimwe kwanza Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kazi yake ni kujazia akiba. Mtoaji awe na miaka 16 hadi 65 na kilo zisizopungua 50. Hutolewa mililita 450 hivi.

Pesa ndizo huwakasirisha watu zaidi, na kwa haki. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaeleza kwamba huduma hiyo ni pamoja na kuiimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa, na taasisi yenye uwezo ikikosa kuitoa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Lakini usimsomee keshia Katiba saa nane usiku. Yeye ana kompyuta inayodai risiti. Mtafute msimamizi wa zamu au daktari wa zamu, umwombe aandike kwenye fomu kwamba kipimo ni cha dharura na malipo yatafuata. Usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ufanyeni mkiwa wazima kwa *147#. Kujisajili huku mgonjwa yuko kwenye machela ni dirisha jingine la kupangia foleni.

Rufaa ndiyo hatua ambayo mambo huharibika njiani. Kabla ya ambulensi kuwashwa kuna maswali matatu ya kuuliza kwa heshima. Hospitali inayompokea imepigiwa simu, na nani amekubali? Nani anapanda naye nyuma: nesi, au dereva peke yake? Oksijeni inatosha? Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mtungi mdogo ulio kwenye ambulensi nyingi, ukijaa kabisa, una lita 680 hivi. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 68. Akiwa kwenye barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, ni dakika 45. Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50, na ukikwama na malori kwenye mteremko wa Kiboswa hesabu imekwisha. Tazama geji. Mshale ukiwa nusu, dakika nazo ni nusu, kwa hiyo omba mtungi wa pili. Fomu ya rufaa iwe na saa ambayo kila dawa ilitolewa, ama watakaompokea watamdunga upya au watangoja bure.

Kama hakuna ambulensi, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu uulize iliyo karibu. Aliyeanguka na pikipiki asipakiwe mshikaki katikati ya dereva na abiria, shingo ikining'inia. Heri pikapu na ubao wa mlango chini ya mgongo, hata ikichelewa dakika kumi.

Mkitaka kulalamika baadaye, andikeni saa tu: alifika saa ngapi, alipimwa saa ngapi, aliagizwa nini, kilifanyika saa ngapi, nani alikuwa zamu. Ombeni muhtasari wa matibabu kwa maandishi kabla ya kuondoka. Barua ipitie kwa msimamizi wa hospitali, na nakala iende kwa baraza la madaktari, KMPDC. Barua ya hasira tupu hujibiwa kwa pole. Yenye saa zilizopangwa inabidi ijibiwe kwa faili.