Bunduki ya Kuwindia: Nyepesi Begani au Tulivu Mkononi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninawinda swala pala na kongoni kwa leseni katika misitu ya miombo mkoani Tabora. Bunduki yangu ya risasi .30-06, pamoja na darubini yake, ina kilo 4.3, na ifikapo adhuhuri bega huwa limechoka kabisa. Mwenzangu ananishauri ninunue nyingine yenye kilo 2.8. Je, nitapoteza shabaha?

JIBU: Ndugu msomaji, bunduki nyepesi iliyoundwa vizuri, ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, hupiga shabaha sawasawa na nzito. Mtutu mwembamba hupata moto upesi na risasi zikaanza kutawanyika, lakini mwindaji makini hafyatui zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Tatizo huanzia kwa mpigaji. Umetembea saa nne, kifua kinapanda na kushuka, kongoni amegeuza ubavu, na hapo mtutu mwepesi hufuata kila pumzi yako, ilhali wenye uzito kidogo kwa mbele hukawia kuyumba. Tena, kwa risasi ileile, bunduki ikipungua kutoka kilo 4.3 hadi 2.8, nguvu ya teke lake, yaani msukumo unaorudi begani, huongezeka kwa zaidi ya nusu. Bega likishalionja mara chache, jicho hufumba na kidole huvuta kifyatulio kwa pupa, na matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa tumboni, anayetokomea kichakani kufa kwa mateso. Hilo haliwezi kurekebishwa na darubini ya bei yoyote.

Kwa maoni yangu, lenga kilo 3.6 hadi 3.9, darubini na mkanda vikiwemo, na huenda usihitaji kununua bunduki nyingine. Ipime kwanza darubini yako: yenye lenzi ya mbele ya milimita 56 aghalabu huzidi gramu 600, wakati ndogo ya milimita 36 yaweza kuwa chini ya 400, nayo yatosha kabisa kwenye miombo ambako miti huziba macho mapema. Mkanda mwembamba unaokata bega nao ubadilishe, uweke mpana.

Ukiona bado unataka nyepesi, omba kuijaribu kwenye uwanja halali wa shabaha: tembea nayo kwa saa mbili, kisha, ukiwa bado unahema, simama upige risasi tatu kwenye karatasi yenye upana wa sahani, umbali wa mita 100. Ikitoka nje hata moja, usiinunue.