Kohoa tu, mwanangu

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya isha. Waniambia umetupa sigara siku 11 sasa, na badala ya kifua kupoa, wakohoa kuliko ulipokuwa ukivuta. Waniuliza kama umeshaharibika, na kama mwili hurudi.

La kikohozi kwanza, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Ndani ya njia za pumzi mna vijinywele vidogo mno, kazi yake kusukuma makohozi na uchafu kuja juu, kooni. Moshi huvilaza. Ukiacha, huamka, vikakuta taka ya miaka imerundikana. Hiyo ndiyo uitemayo asubuhi. Mimi nilikohoa karibu miezi miwili hadi mamako akanihamishia sebuleni. Lakini ukiona damu, au homa, au wakonda bila sababu, usingoje barua yangu. Nenda hospitali.

Mengine yameshatendeka nawe hukuyaona. Dakika 20 tu baada ya ile ya mwisho, mapigo ya moyo yalianza kushuka. Siku chache mbele, damu ilikuwa imeshajisafisha na kaboni monoksidi, ile hewa ya moshi inayokaa kwenye kiti cha oksijeni. Siku tatu za mwanzo, ambazo uchu huuma kweli, umezivuka. Njaa utaiona bado. Kanzu yangu ya Idi mwaka ule haikufunga.

Pua nayo. Wiki ya tatu nilikuwa barazani, mamako yuko uani aanika nguo, nikamwita: mbaazi zashika chini! Akanitazama kama mgeni. Miaka yote ile sikuwahi kunusa chochote kutoka jikoni.

Pumzi niliipima kwenye kile kilima cha feri, upande wa Likoni. Nikitoka kazini bandarini, nikifika nusu nasimama kwa muuza njugu, najifanya natafuta chenji, kumbe natafuta pumzi. Mwezi wa tatu tangu niache, nikajikuta niko juu kwenye kituo cha matatu. Yule wa njugu nimempita sina habari.

Moyo hupona polepole zaidi. Ukitimiza mwaka, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo mvutaji hupungua kama nusu. Saratani ya mapafu yataka subira: kama miaka 10 ndipo hatari hufika karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mimi niliacha 2009.

Ila sikufichi, si yote hurudi. Vifuko vya hewa mapafuni vikishapasuka havioti tena, na vyangu baadhi vimekwenda; ndiyo maana ngazi za kwa shangazi yako nazipanda kwa vituo. Lakini mimi niliacha nina miaka 52. Wewe una 29.

Na usinidanganye na shisha, eti ni maji. Ni moshi ule ule, na serikali ya Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Jihadhari pia na kioski cha pale kwenu. Sheria ya tumbaku ya 2007 yakataza kuuza sigara moja moja, nao huuza, na hiyo moja ndiyo iliyonirudisha mimi mara mbili.

Ukija Idi, shuka feri Likoni, nitakungoja chini. Tutapanda pamoja. Njugu nanunua mimi.

Babako