Kupandikiza nywele: swali ni zinapangwaje

Kaka wa Sakina, nimekuelewa: unataka kwenda Uturuki kupandikiza nywele, ila unaogopa kurudi Arusha na paji la uso la mwanasesere.

Kinachoamua hilo ni upangaji. Vinyweleo hutolewa kisogoni, vikiwa vifungu vya unywele mmoja hadi minne. Mstari wa mbele kabisa huwekwa vya unywele mmoja mmoja tu, tena kwa kupishana, usinyooke. Vyenye nywele nyingi hukaa nyuma yake. Kila tundu la kupandia hulazwa kuelekea mbele, kufuata nywele zinavyoota. Likitobolewa wima, nywele husimama na kila mtu atajua. Uliza ni nani hasa atatoboa. Wakikujibu "timu yetu" bila kumtaja daktari, mimi ningeaga.

Nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo asiyezizoea huzikata mizizi wakati wa kuzitoa. Na kama vidonda vyako huacha keloidi, yale makovu yanayovimba, usikate tiketi kabla hujaonana na madaktari wa ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi. Huenda hata kipara chenyewe kinatibika kwa dawa.

Zilizopandwa nyingi hudondoka wiki chache baadaye, usishtuke. Huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne baada ya kupandikizwa.